Sarafu Iliyochakaa Isidharauliwe

Wako wakusanyaji wa sarafu kuukuu za shaba za Uingereza wenye kanuni moja tu: iliyochakaa haina thamani. Wataka peni ya mwaka 1797 ing'aayo kana kwamba imetoka mtamboni jana. Iliyosagika uso huitupa. Kanuni hii yalifaa soko. Kwa mtu atafutaye elimu ni upotofu, nasi twaipinga.

Kwani shaba ilikuwa mali ya nani? Matajiri walihesabu dhahabu na fedha. Shaba ilikuwa ya kibarua na mchuuzi, na kwa hiyo serikali iliipuuza. Baada ya 1775 haikupiga shaba mpya kwa matumizi ya Uingereza yenyewe, na sarafu za bandia zikajaa masokoni. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey, ikaanza kutoa sarafu zake yenyewe. Mwaka 1797 ndipo Matthew Boulton alipopewa kazi ya kupiga peni kwa mitambo ya mvuke huko Soho, karibu na Birmingham. Kila peni ilikuwa na uzito wa aunsi moja, yaani gramu 28 hivi. Kwa ukingo wake mpana, watu wakaiita gurudumu la mkokoteni.

Watatujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vema! Sarafu iliyochakaa imejitembeza kweli, toka mkono hata mkono, na hiyo ndiyo sifa yake. Ile ing'aayo ilifichwa sandukuni. Haikununua mkate wala mshumaa.

Tena wako wafungwa waliongojea kupelekwa Australia. Walizisugua peni za namna hiyo hata uso wa mfalme George III ukafutika, kisha wakachonga humo majina yao na maneno ya kuwaaga wapenzi wao. Makumbusho ya Taifa ya Australia, mjini Canberra, yamehifadhi zaidi ya sarafu 300 zilizochongwa hivyo. Kwa kanuni ya kung'aa, hizo ni takataka. Kwa ajuaye kusoma, ni barua.

Na sisi watu wa Kiswahili tuna ushahidi wetu. Lugha yetu ina majina mawili yaliyo bega kwa bega: fedha, jina la madini ya wenye nacho, na pesa, litokanalo na paisa, sarafu ndogo ya shaba ya Bara Hindi. Hiyo ndogo, iliyopita mikononi mwa wengi, ndiyo iliyo kinywani mwa kila mtu sokoni.

Basi mkusanyaji asiulize kwanza sarafu yang'aa kiasi gani, bali ilipita mikononi mwa nani. Na mwalimu aliye nayo asione haya kuiweka mbele ya wanafunzi wake, hata ikiwa imebaki nusu ya tarehe yake.