Kanuni ya Ohm Ipimwe, Isikaririwe Tu

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa uhusiano uliopo baina ya volteji, mkondo na ukinzani wa umeme, aghalabu huchora pembetatu, akaandika V juu, I na R chini. Kwa pembetatu hiyo hupata kila jibu analotakiwa. Volti 12 zikigawanywa kwa ampia 2, ukinzani ni omu 6. Zikizidishwa kwa ampia 2, nguvu ni wati 24. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, kujua kugawanya na kuzidisha si kuujua umeme, na shule inayoridhika na pembetatu peke yake humnyima mwanafunzi sehemu iliyo bora ya somo.

Kanuni hiyo haikuzaliwa ubaoni. Georg Simon Ohm, mwana wa fundi makufuli wa mji wa Erlangen, Ujerumani, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Köln. Betri za siku zile hazikutulia. Volteji yake ilipungua kipimo kikiwa hakijakamilika. Kwa hiyo mwaka 1826 alitumia maungio ya metali mbili, shaba na bismuthi, ungio moja likiwa katika maji yanayochemka na jingine katika barafu, ili apate volteji isiyoyumba. Kisha alibadilisha nyaya za urefu mbalimbali, akapima mkondo kwa sindano ya sumaku. Kitabu alichokitoa mwaka 1827 hakikupokewa vema. Ilikuwa mwaka 1841 ndipo Royal Society ya London ilipomtunukia Nishani ya Copley.

Jambo gani aliloligundua? Kugawanya volteji kwa mkondo ni njia ya kueleza maana ya ukinzani tu. Hakuna ugunduzi katika kugawanya. Ugunduzi ni huu: kwa waya wa metali ambao joto lake halibadiliki, jibu la mgawanyo huo hubaki lile lile, volteji ikiongezwa au ikipunguzwa. Hilo ni dai juu ya maumbile, na dai juu ya maumbile hujulikana kwa kupimwa.

Tuchukue balbu ya zamani yenye uzi wa tungsteni, ya wati 60 na volti 230. Inapowaka, mkondo wake ni 60 ÷ 230, yaani ampia 0.26, na ukinzani wake ni omu 880 hivi. Ikipimwa ingali baridi, ukinzani haufiki hata sehemu moja ya kumi ya huo, kwa kuwa uzi ule hupata joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi unapowaka. Mwenye pembetatu tu atadhani kipimo kimeharibika. Mwenye kuielewa kanuni atauliza juu ya joto.

Wala jambo hili si la darasani peke yake. Birika la umeme la wati 2,300 kwenye volti 230 huvuta ampia 10. Waya wake ukiwa umeungwa kwa kusokotwa ovyo, na ungio hilo likawa na ukinzani wa nusu omu tu, nguvu inayogeuka joto hapo ni mraba wa mkondo mara ukinzani: 10 × 10 × 0.5, yaani wati 50, katika mahali padogo kama ukucha. Plastiki itayeyuka, na nyumba yaweza kuungua. Mkondo ukipungua nusu, joto hilo hupungua kuwa robo. Hesabu ya mistari miwili yatosha kumwonya mwenye nyumba, iwapo aliyeisoma alifundishwa kuiona ndani ya waya.

Watasema wengine kwamba shule hazina vifaa. Upungufu upo, nao usipuuzwe. Lakini zoezi hili lahitaji ameta moja, voltimita moja, betri mbili za tochi na kipande cha waya wa nikromu kutoka katika hita iliyokwisha kazi. Hita ya wati 1,000 na volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi, hivyo moja ya tano ya waya wake ina omu kama 10. Betri moja itatoa ampia 0.15, na mbili ampia 0.3, mgawanyo hautabadilika. Kisha balbu ya tochi iwekwe mahali pa waya huo, vipimo vichukuliwe upya, na mgawanyo utaonekana ukipanda kadiri balbu inavyozidi kung'aa. Betri za tochi ndizo zitumike. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa katika zoezi hili.

Watungaji wa mitihani nao wana wajibu. Maswali yenye tarakimu zinazogawanyika bila baki humzoesha mwanafunzi kuamini kwamba maumbile nayo ni hivyo. Yafaa apewe vipimo vitano vya kweli, pamoja na kasoro zake, achore grafu na aamue mwenyewe kama kanuni imefuatwa.

Mwalimu wa Köln alifanya kazi kubwa kwa waya, barafu na maji ya moto. Walimu wa leo hawatakiwi kugundua kanuni mpya. Wanatakiwa tu wasiwafiche wanafunzi namna ile ya zamani ilivyopatikana.