JIKO LA NYUMBANI: Mahindi na Wenzi Wake

Nyumba zinazokosa unga wa mahindi katika Kenya ni chache, na katika nyingi zilizo nao unga huo hupikwa kwa njia moja tu tangu Januari hata Disemba. Unga huohuo, ukiingia jikoni mwa Mwitalia au Mmarekani, huwa chakula kingine kabisa, na mapishi yao hayahitaji jiko la umeme wala vitu vya gharama. Lakini kabla ya kuyajaribu yafaa msomaji aijue habari ya safari ya mahindi, kwa maana yalipotoka kwao yaliacha kitu nyuma, na kwa kukosa kitu hicho watu wengi walikufa.

Kwao ni Mexico, ambako wakulima walianza kuyalima maelfu ya miaka iliyopita. Mama wa huko, apikapo kwa desturi ya wazee wake, hayachemshi mahindi makavu kwa maji matupu. Huyachemsha kwa maji yaliyotiwa chokaa, akayaacha humo usiku kucha, asubuhi akayaosha hata maganda yakatoka, ndipo akayasaga yangali na maji na kufanya mikate myembamba kama chapati, iitwayo tortilla. Baada ya mwaka 1492 Wahispania waliichukua mbegu hiyo wakaenda nayo Ulaya, na Wareno wakaieneza katika pwani za Afrika. Waswahili wakaiita mahindi, kana kwamba imetoka Bara Hindi. Waitalia wakaiita nafaka ya Kituruki. Mbegu ilifika kila mahali. Ufundi wa chokaa ulibaki kwao.

Mwaka 1735 daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliona maradhi mageni kwa wakulima maskini wa jimbo la Asturias ambao chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Ngozi ya mikono na shingo, mahali panapopigwa na jua, iligeuka nyekundu, kisha ikawa nyeusi na kupasuka. Mgonjwa aliharisha, na mwishowe akili zikavurugika akafa. Kaskazini mwa Italia maradhi hayo yaliwapata watu wengi sana, nao wakayaita pelagra. Wengine walisema ni mahindi yaliyooza, wengine wakasema ni ya kuambukizana. Ajabu ni kwamba wenye mali walikula mahindi yaleyale pamoja na nyama, samaki na jibini, wala hawakupatwa.

Aliyeifungua njia ni Dk. Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali ya Marekani mwaka 1914 kuyachunguza maradhi hayo katika majimbo ya kusini. Katika nyumba za yatima za Mississippi hakutoa dawa yoyote; aliongeza maziwa, mayai, nyama na maharagwe katika chakula cha watoto, na pelagra ikatoweka. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba kitu kinachopungua ni vitamini iitwayo niasini. Imo ndani ya mahindi, lakini imefungwa, na tumbo haliwezi kuifungua. Chokaa ya mama wa Mexico huifungua. Asiye na chokaa hana haja ya kuhangaika, kwa kuwa mwili huipata niasini katika nyama, samaki na karanga, na huweza pia kujitengenezea kwa vyakula vya kujenga mwili kama maziwa, mayai na maharagwe. (Chokaa ya kupaka ukuta isitiwe katika chakula kamwe! Na kutwanga mahindi kinuni, kama wafanyavyo wapishi wa muthokoi, kwaondoa ganda tu. Hakufanyi kazi ya chokaa.)

Wala hii si habari ya kale peke yake. Mwaka 1990 pelagra ilizuka nchini Malawi katika kambi za wakimbizi waliotoka Msumbiji, ikawapata watu zaidi ya 17,000. Mahindi walipewa; karanga walizozoea kugawiwa pamoja nayo zilikuwa zimekatika.

Sasa twende jikoni. Chakula cha Kiitalia huitwa polenta, nacho ni ndugu wa ugali, ila ni laini zaidi na hupikwa kwa saburi. Unga wa posho wenye chenga ni bora kuliko ule mweupe uliokobolewa na kuchekechwa sana. Twaa vikombe vinne vya maji na kijiko kidogo cha chumvi, uchemshe, kisha umimine kikombe kimoja cha unga kidogo kidogo, mkono mmoja ukimimina na wa pili ukikoroga. Punguza moto, ukoroge mara kwa mara kwa muda wa dakika 40. Mpishi wa ugali ataona muda huo ni mrefu mno, lakini ndio unaoiondoa ladha ya unga mbichi. Juu yake mimina mchuzi wa maharagwe yaliyopikwa na vitunguu, nyanya na kitunguu saumu, au utie jibini kidogo kwa mwenye kuipata. Watu wa Venice huipenda polenta nyeupe pamoja na samaki, jambo ambalo mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa. Ikibaki, itandaze katika sinia, na kesho yake uikate vipande na kuvikaanga hata viwe vyekundu pande zote.

Mkate wa mahindi wa kusini mwa Marekani ni mwepesi zaidi tena. Changanya vikombe viwili vya unga, kijiko kidogo kimoja cha soda ya kuokea, na chumvi kidogo. Katika bakuli jingine piga mayai mawili pamoja na kikombe kimoja na nusu cha maziwa lala na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Unganisha vyote upesi. Rojo ikiwa nzito mno ongeza maziwa. Mimina katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, ufunike, uweke makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Kwa nusu saa hivi mkate utakuwa tayari. Uchome kwa kijiti, nacho kikitoka kikavu, umeiva. Walioumwa pelagra huko Marekani walikula mkate wa jina hilohilo, lakini mara nyingi maskini waliukanda kwa maji tu, wakaula na asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama apunguze mafuta, asipunguze maziwa wala mayai.

Cachupa ya visiwa vya Cape Verde haitamshangaza mtu wa Murang'a au Machakos, maana ni githeri iliyovaa nguo nyingine. Mahindi yaliyotwangwa na maharagwe huloweshwa usiku, huchemshwa pamoja kwa moto mdogo kwa saa kadhaa, na yakikaribia kuiva hutiwa viazi vitamu, muhogo, kabichi, vitunguu, na samaki au nyama kwa kadiri ya mfuko. Vitunguu na majani ya bizari hukaangwa kwanza kwa mafuta, vikatiwa mwisho. Wenyeji hupika chungu kikubwa kwa makusudi, ili kibaki. Asubuhi hukikaanga kilichobaki kwa mafuta na kitunguu hata kikauke na kushika rangi chini, kisha hukaanga yai moja kwa kila mtu na kuliweka juu.