Tusimlaumu Bibi Jang Peke Yake

Mara nyingi tusomapo habari za wafalme wa kale twaambiwa kwamba fitina za jumbani zililetwa na wanawake. Mimi sikubali, na sababu zangu nitazitoa katika habari za Korea, nchi iliyotawaliwa na wafalme wa ukoo wa Joseon tangu mwaka 1392 hata 1910.

Katika jumba la wafalme hao kila mwanamke alikuwa na daraja lake, nayo madaraja yaliandikwa katika kitabu cha sheria kiitwacho Gyeongguk Daejeon, kilichoanza kutumika mwaka 1485. Malkia alikuwa mmoja tu, wala hakuhesabiwa katika madaraja, maana alikuwa juu ya yote. Chini yake walikuwa masuria, tangu daraja la kwanza hata la nne, na kila daraja liligawanywa sehemu mbili, ya juu na ya chini. Suria mkubwa kabisa aliitwa Bin. Baada yao walikuja wanawake wa kazi, wa daraja la tano mpaka la tisa, walioangalia nguo, chakula na mambo mengine ya jumba.

Mtu aweza kusema, "Utaratibu mzuri huo, kila mmoja ajua mahali pake." Naam, ungalikuwa mzuri kama yule aliyegawa madaraja angalikuwa na msimamo.

Mfalme Sukjong alitawala tangu 1674 hata 1720. Malkia wake, Inhyeon, aliyeolewa mwaka 1681, hakujaliwa mtoto. Mwaka 1688 suria wake, Bibi Jang, wa ukoo wa wakalimani, alizaa mtoto wa kiume. Mfalme akataka mtoto huyo awe mrithi. Mzee Song Si-yeol, mwanachuoni mkubwa, alipopinga, alihukumiwa kunywa sumu. Mwaka huohuo wa 1689 malkia alifukuzwa, akiambiwa kuwa ana wivu, na mwaka uliofuata Bibi Jang akawa malkia. Mwaka 1694 mfalme aligeuka: akamrudisha Inhyeon, akamshusha Bibi Jang kuwa Bin tena. Ule wivu wa Inhyeon ulikwenda wapi?

Nyuma ya mambo hayo vilikuwako vyama viwili vya wakuu, Watu wa Kusini na Watu wa Magharibi. Malkia alipobadilishwa, chama kimoja kilipata vyeo na kingine kilifukuzwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Inhyeon alifariki mwaka 1701. Bibi Jang alishtakiwa kwamba alimfanyia uchawi, akahukumiwa kufa. Kisha mfalme akatoa amri kwamba tangu hapo suria yeyote asiinuliwe kuwa malkia.

Tazameni amri hiyo, ndugu zangu. Mlango ulifungwa kwa wanawake, lakini mkono uliowapandisha na kuwashusha haukuwekewa sheria yoyote. Mtasema Bibi Jang alikuwa na tamaa. Huenda alikuwa nayo. Lakini hapakuwa na mwanamke jumbani aliyeweza kujipa daraja mwenyewe. Mwenye kutoa alikuwa mmoja, na mwenye kunyang'anya ni yeye yule.

Wala amri ile haikuwanyima wanawake hao heshima yote. Bibi Choe, suria mwingine wa Sukjong, ambaye yasemekana alianzia kazi za chini kabisa za jumba, hakuwa malkia hata alipofariki mwaka 1718. Lakini mwanawe, Yeongjo, alitawala tangu 1724 hata 1776, na mwaka 1725 alimjengea mama yake nyumba ya kumbukumbu. Leo nyumba hiyo iko Seoul pamoja na nyingine sita za masuria wa wafalme. Bibi Jang naye anakumbukwa mahali hapohapo, maana mtoto wake alitawala kabla ya Yeongjo.

Ninyi wanafunzi, huenda kesho mtakuwa viranja. Nanyi mliokwisha toka shuleni, wengi wenu mna watu chini yenu. Waliopewa vyeo wakigombana, msikimbilie kuwaadhibu wao peke yao. Ulizeni kwanza vyeo vile viligawanywaje, na aliyevigawa aliogopa sheria gani.