Moyo Mgonjwa na Huzuni Isiyokoma

Mgonjwa wa moyo hutoka Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, uvimbe wa miguu umepungua na pumzi zimemrudia. Lakini afikapo kwake Kangemi au Kawangware hujilaza kutwa nzima. Jamaa husema moyo haujapona. Pengine sivyo. Moyo ushindwapo kusukuma damu ipasavyo huleta uchovu, na huzuni isiyokoma, yaani sonona, huleta uchovu ule ule, hata mwenyewe asijue upi ni upi. Katika wagonjwa 5 wa namna hiyo, yapata 1 ana sonona. Huyo ndiye aachaye vidonge, akatae chakula, asitake kwenda kliniki. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba dawa ya sonona iitwayo sertralini haikuwafaa wagonjwa hao kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2012 jaribio jingine, la watu zaidi ya 2,300, lilionyesha kuwa mazoezi ya kutembea au kukanyaga baiskeli yalipunguza huzuni, ingawa kidogo. Basi mke amzuiaye mumewe asiende hata dukani kwa kumhurumia, nao wako wengi, yafaa amwulize daktari ni mwendo gani unaoruhusiwa, kisha afuatane naye.