Mrututu si Mbolea ya Miche



Dawa ya mrututu na chokaa, ambayo Mfaransa Millardet aliitangaza mwaka 1885 kwa kuilinda mizabibu, huwalinda mibuni wetu pia na ukungu wa majani. Hilo sina ubishi nalo. Lakini liko kosa moja vitaluni: mtu akiisha kunyunyiza, humwaga masazo juu ya tuta la miche, akidhani kilichoponya jani kitanenepesha na mzizi. Sivyo.

Mmea wahitaji shaba iliyomo katika mrututu, ila kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi, mzizi ndio uumiao kwanza: ncha yake hukoma kurefuka, na vimizizi vya pembeni hudumaa. Kisha majani machanga huwa manjano, kwa kuwa mzizi mbovu hauvuti chuma cha kutosha. Mwenye kitalu hudhani ni kiu, akaongeza maji bure. Shaba haiondoki upesi kwa mvua. Hushikamana na udongo wa juu miaka mingi, na katika udongo mchachu hudhuru zaidi.

Basi shauri langu ni hili. Changanya dawa ya siku hiyo tu, wala si katika ndoo ya chuma. Chovya kisu safi kwa dakika moja. Kikitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, ama sivyo majani yataungua. Nyunyizia jani, usinyweshe udongo. Na mahali palipopigwa dawa miaka mingi, pasiwe kitalu tena.

Mche ukifa, umepoteza msimu. Mbuni ungalikuzalia miaka mingi.