Kumbe Beethoven hakuwa wa kina Beethoven!

Ukitaka kumtibua mwanamume, awe wa Mwananyamala au wa Vienna, mwambie hivi: huyo babu unayetamba naye si babu yako. Hapo hata mpole anavua shati.

Wiki hii tunamchungulia mzee mmoja wa Kijerumani ambaye hata kama hujawahi kununua kaseti yake, muziki wake unaujua. Ile "pa-pa-pa-paaa" wanayoiweka kwenye filamu mtu akitaka kufa, ni yake. Ludwig van Beethoven, aliyebatizwa mjini Bonn tarehe 17 Desemba 1770, akafia Vienna tarehe 26 Machi 1827 akiwa na miaka 56, kiziwi, ini limekwisha, hana mke. Miaka karibu 200 baadaye nywele zake zimemwaga mtama penye kuku wengi.

Tuanze na jina, maana kasheshe yote iko hapo. Wenzetu wa huko hawana mtindo wetu. Kwetu Juma Hamisi akipata mtoto, mtoto anaitwa Saidi Juma, basi, mzee Hamisi ameshateremka kwenye daladala. Kwao jina la ukoo likishaganda linatoka kwa baba kwenda kwa mwana karne na karne. Müller ni msaga nafaka na Schmidt ni mhunzi, hata kama leo huyo Schmidt anauza bima na hajawahi kushika nyundo.

Sasa "van Beethoven" wala si Kijerumani hasa. Ni jina la Ubelgiji, la watu wanaosema Kiholanzi. "Van" maana yake "wa kutoka", kama unavyosema Ally wa Tandale. Hiyo Beethoven wataalamu wengi wanaiunganisha na kijiji kiitwacho Bettenhoven, huko huko Ubelgiji, ingawa wapo wanaopenda kusema ni "mashamba ya bitiruti". Aliyelipeleka jina Ujerumani ni babu yake, naye akiitwa Ludwig, aliyebatizwa mji wa Mechelen mwaka 1712, mtoto wa mwoka mikate. Mwaka 1733 alitia timu Bonn na sauti yake nzito ya besi, akapata kibarua cha kuimba kwa Askofu Mkuu wa Cologne, ambaye ndiye aliyekuwa mtawala. Mwaka 1761 akawa mkuu wa wanamuziki wote wa kasri, na pembeni anauza mvinyo. Mjanja huyo! Baba yake kule Mechelen alipoelemewa na madeni, naye akafunga mizigo akamfuata mwanawe.

Mjukuu ndiye aliyehamia Vienna, na huko "van" ikamletea ulaji. Kwa Wajerumani "von" ni ya mabwanyenye. Ukiwa "von" una mahakama yako, hupangi foleni moja na wauza samaki. Watu wa Vienna walisikia "van" wakadhani mambo ni yale yale, na mzee hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Mwezi Novemba 1815 mdogo wake Kaspar Karl akafariki, akaacha mjane, Johanna, na mtoto wa kiume wa miaka 9, Karl. Ludwig akataka huyo mtoto awe wake peke yake. Damu ya Beethoven, eti haiwezi kulelewa na mwanamke yule, asiye na maadili! Akaenda mahakama ya mabwanyenye, na mwanzoni akashinda. Lakini Johanna hakuwa mtu wa kulala na machozi. Alirudi mahakamani tena na tena, mpaka mwezi Desemba 1818 mahakimu wakauliza swali dogo tu: mzee, karatasi za ubwanyenye ziko wapi? Hakuwa nazo. "Van" yake ilikuwa ya mtaani, kama ya mwoka mikate mwingine yeyote. Kesi ikateremshwa kwa mahakama ya makabwela.

Mwaka 1820 alikata rufani akampata kijana. Raha yenyewe haikuonekana. Mwaka 1826 Karl, kijana aliyevutwa huku na huku kama kamba tangu utotoni, alijipiga risasi. Akapona. Kila ninaposoma habari ya mtu anayelipigania jina la ukoo kwa nguvu hivyo, namfikiria huyu kijana kwanza.

Haya, sasa nywele. Zamani mtu maarufu akifa, watu walikuwa wanamkata vishungi vya nywele na kuviweka kama kumbukumbu. Vya Beethoven vilizagaa dunia nzima. Timu ya watafiti ikiongozwa na Tristan Begg, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ilivikusanya vishungi 8 na kupima DNA. Mwezi Machi 2023 wakatangaza: vitano vinakubaliana, ni vya mwanamume mmoja, na kila dalili inaonyesha ndiye mzee mwenyewe. Kimojawapo kati ya vilivyobaki, kile maarufu kuliko vyote kilichouzwa kwenye mnada London mwaka 1994, kumbe ni cha mwanamke! Na kwa miaka mingi watu walikuwa wakisema mzee alikuwa na sumu ya risasi, kwa ushahidi wa nywele za dada wa watu.

Kwenye nywele halali wakakuta virusi vya homa ya ini aina ya B, na vinasaba vinavyomweka mtu karibu na ugonjwa wa ini. Ukichanganya na chupa alizokuwa akizishusha, unaelewa. Sababu ya uziwi hawakuipata.

Lakini bomu lilikuwa kwingine. Mwanamume anapata kromosomu Y kutoka kwa baba yake tu, naye anampa mwanawe wa kiume, na njiani inabadilika kidogo mno. Yaani jina la ukoo na Y wanapanda basi moja, kiti kimoja. Basi watafiti wakaenda Ubelgiji wakawapata wanaume watano walio hai wenye jina la van Beethoven, ambao karatasi za kanisa zinawarudisha wote kwa mzee mmoja, Aert van Beethoven, aliyeishi 1535 hadi 1609. Karatasi hizo hizo zinamrudisha na mwanamuziki wetu kwa huyo huyo Aert. Wakapimwa. Wale watano Y zao zinafanana, za kundi wanaloliita R1b. Ludwig? I1. Hata hawakaribiani.

Kwa hiyo mahali fulani, kati ya kutungwa mimba ya Hendrik mwana wa Aert, yapata mwaka 1572, na ya Ludwig mwaka 1770, katika vizazi saba, kuna mtoto mmoja aliyepewa jina na mwanamume asiyemzaa. Nani? DNA haisemi.

Nakuona msomaji wangu umeshaanza kumtafuta mchawi, na kusema kweli mchawi yupo! Mke wa huyo Aert, Josyne, alichomwa moto hadharani mjini Brussels mwaka 1595 kwa tuhuma za uchawi. Msimwongezee na hili bila ushahidi, mateso aliyoyapata yanatosha. Wengine wanamnyooshea kidole Johann, baba yake Beethoven, kwa sababu cheti chake cha ubatizo hakijaonekana, na mama yake Johann alikuwa mlevi mpaka akapelekwa kutunzwa kwa masista. Huo nao si ushahidi. Tena usikimbilie kusema mwanamke alitoka nje ya ndoa. Anaweza kuwa alibakwa, au alikuja na mimba, au mtoto wa dada aliokotwa kimya kimya akalelewa.

Na si jambo la ajabu kama unavyodhani. Mmoja wa watafiti hao, Maarten Larmuseau wa Leuven, amewahi kupima koo nyingi za Ubelgiji na Uholanzi kwa miaka 500 iliyopita. Kwa wastani, kwenye kila watoto 100 karibu mmoja baba yake si yule wa kwenye kitabu cha kanisa. Kwa wakulima na wenye nazo ilikuwa chini. Kwa makabwela wa mijini, karne ya 19, ilikaribia sita. Hapo zidisha kwa vizazi saba, halafu nitazame usoni.

Mzee mwenyewe umbeya wa namna hii ulimkuta hai. Kuna vitabu vya ensaiklopidia vilivyochapisha kwamba baba yake halisi ni mfalme wa Prussia. Kwa miaka alinyamaza, huenda ilimnogea. Rafiki yake wa utotoni, daktari Wegeler, akamwandikia kumuuliza kwa nini hamtetei mama yake. Jibu aliliandika Desemba 1826, miezi mitatu tu kabla ya kufa: akamwomba rafiki autangazie ulimwengu kwamba wazazi wake, hasa mama, walikuwa watu waadilifu.

Waswahili walishamaliza ubishi huu zamani: kitanda hakizai haramu. Yule babu mwimbaji wa besi alikufa Ludwig akiwa na miaka mitatu, lakini mjukuu alimuenzi maisha yake yote. Mwaka 1801 aliagiza picha yake iletwe kutoka Bonn, na akakaa nayo Vienna mpaka mwisho. Sasa mtu akuambie huyo si babu yake kwa sababu ya herufi na namba?

Na yule kijana Karl aliyegombewa? Alioa, akazaa mtoto wa kiume akamwita Ludwig. Ludwig naye akamzaa Karl Julius, aliyefariki Vienna mwaka 1917 bila mrithi, na jina la Beethoven wa Bonn likaishia hapo. Wale watano wa Ubelgiji jina wanalo, kwenye vitambulisho na kwenye kengele za mlangoni. Kwa upande wa Y, mzee hawahusu hata chembe.