Babu Hakusafiri Kimya

Mhubiri mgeni aliyetutembelea Jumapili iliyopita hapa Apple Valley, Minnesota, alikuwa na neno kwa vijana. Alisikia kwamba baadhi yao wanajiandaa kwenda kupiga kambi Boundary Waters, kule kaskazini, na kwamba wamenunua kidude cha setilaiti cha kuwasiliana na nyumbani. Akatikisa kichwa, akauliza: babu zenu waliivuka nyika ya Taru kule Kenya kwa miguu, je, walikuwa na setilaiti? Watu wakacheka na kupiga makofi. Kwenye chai baada ya ibada wazee wakayarudia maneno hayo kana kwamba yameandikwa katika Zaburi: mtu wa kweli huingia porini na Mungu wake na fimbo yake, basi.

Nimeudhika tangu siku ile, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba babu zetu wamesingiziwa.

Babu yupi huyo aliyesafiri kimya? Misafara ya karne ya 19, ya Wakamba wakishuka Mombasa au ya Wanyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, ilikwenda na watu wengi, mingine kwa mamia. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera yake, ngoma ikilia, na msafara ulipoukaribia mji bunduki zilipigwa hewani ili wenyeji wajue nani anaingia. Misafara iliyopishana njiani ilisimama kupeana habari: maji yako wapi, nani anaumwa, nani amezikwa wapi. Hata huko kwetu vijijini, mtu hakuondoka bila kuaga, na asiporudi siku aliyosema, vijana walitumwa wamfuate. Jamii nzima ilijua nani yuko njiani na anatarajiwa lini. Leo mtoto wetu anafanya jambo hilohilo kwa kifaa cha dola 400 hivi, tunamwita mwoga.

Anayetamani kujua safari ya mtu aliyekatika na wenzake ilikuwaje, asome yaliyompata mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1851. Aliondoka na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, kuelekea mto Tana. Wakavamiwa, Kivoi akauawa, Krapf akabaki peke yake porini. Alibeba maji ya mto ndani ya mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akaponea chupuchupu kufa kwa kiu na njaa. Upweke huo wa Krapf ndio tunaohubiriwa sasa kuwa ushujaa. Kwa watu wa wakati ule ulikuwa balaa.

Na Boundary Waters si Lebanon Hills, hapo jirani tunapowapeleka watoto kutembea Jumamosi. Ni zaidi ya eka milioni moja za msitu, na maziwa zaidi ya 1,000, mpakani na Kanada. Injini zimekatazwa kwenye sehemu kubwa ya maziwa hayo. Unapiga kasia, kisha unaubeba mtumbwi mabegani hadi ziwa linalofuata. Simu za kawaida hazishiki sehemu kubwa ya huko. Mwezi wa Mei barafu ndiyo kwanza imeyeyuka, na maji yake yanaweza kumuua mtu kwa baridi hata kama anajua kuogelea kama samaki. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba iliangusha mamilioni ya miti mchana mmoja, na baadhi ya waliokuwa kambini wakaangukiwa na miti hiyo. Fimbo ya mzee ingemsaidia nini mtu aliyelala chini ya msonobari?

Kidude chenyewe nimekishika. Kinaenea kiganjani, kina rangi ya machungwa, kinaning'inizwa kwenye mkanda wa begi, karibu na bega. Kinazungumza na setilaiti 66 za kampuni ya Iridium zinazozunguka dunia kilomita 780 hivi juu yetu, kwa hiyo kinataka anga iliyo wazi. Chini ya miti iliyosongamana ujumbe huchelewa kupita. Ubavuni kina kitufe cha kuomba msaada, kimefunikwa kisije kikabonyezwa bure. Ukikibonyeza, kituo cha dharura kinaona ulipo, kinakuuliza kwa maandishi umepatwa na nini, kisha kinamtafuta sherifu wa kaunti, maana hapa Minnesota kutafuta waliopotea ni kazi yake. Tena kabla ya kuondoka unaandika jumbe fupi za kutumwa kila jioni. Kijana mmoja alinionyesha zake: "Tumefika kambini, wote wazima." Na nyingine: "Tutachelewa siku moja, msiogope." Ameziandika kwa Kiswahili kwa sababu ya mama yake, anayefanya kazi zamu ya usiku na ambaye atazisoma wakati wa mapumziko.

Huyo mama hakutajwa kwenye mahubiri.

Mzee mwingine alinijia na hoja kwamba kidude hicho kitaijulisha serikali uko wapi. Alisema hivyo akiwa ameshika simu inayomwonyesha mkewe alipo kila dakika. Na huwezi kulala Boundary Waters bila kibali, ambacho majira ya kiangazi kinaandikwa jina la kiongozi wa safari, mlango mtakaoingilia na tarehe. Serikali imekwisha kujua. Asiyejua ni mama yako.

Yupo pia aliyesema setilaiti ni mambo ya Wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Iliruka ikitokea bahari yetu na kwa jina letu. Wakati huo wazee hawa walikuwa vijana. Wangepaswa kuwafundisha watoto habari hiyo badala ya kuwatisha. Na mhubiri wetu mwenyewe alifika kanisani kwa ramani ya simu, ambayo bila setilaiti isingemwonyesha hata barabara ya kupinda.

Kinachonichoma kuliko yote ni fedha. Mtu akifa hapa tunaitisha harambee, na katika siku chache zinapatikana maelfu ya dola za kuurudisha mwili nyumbani. Hatujawahi kushindwa, na ninajivunia hilo. Lakini mwambie mtu huyohuyo achangie dola 15 hivi za kulipia huduma ya kifaa kwa mwezi mmoja wa safari, atakuambia huo ni upotevu. Kundi letu la WhatsApp linajaa kila asubuhi picha za maua na vikombe vya kahawa, ila neno moja la kumwambia mzazi kwamba mwanawe yu hai tunaliona la anasa!

Wenye iPhone 14 au mpya zaidi wana njia ya kuomba msaada kwa setilaiti tayari mfukoni, tangu mwaka 2022. Wakae chini jioni moja wajifunze kuitumia kabla ya kufunga mizigo.

Kwa wengine, chama chetu kina mahema, viti na masufuria makubwa ambayo kila familia huazima kwa sherehe na kurudisha. Ninataka tununue vifaa viwili vya setilaiti, vikae kwa mweka hazina, na kijana yeyote anayekwenda kaskazini aazime kimoja na kumwachia mweka hazina tarehe ya kurudi. Nitalileta hilo kwenye mkutano ujao. Atakayepinga nitamwomba asimame mbele ya mama yule wa zamu ya usiku, amweleze yeye mwenyewe.